Barua ya wazi: Msichome bunduki za vita za babu zetu kabla hazijasomwa

Kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Waziri wa Maliasili na Utalii,
Mkuu wa Jeshi la Polisi,
na wakuu wa mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Ruvuma.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima kutoka Kalenga, Iringa. Naandika kama msimamizi wa mirathi ya marehemu baba yangu, lakini ninalowaletea si la familia yetu peke yake. Huku nyanda za juu kusini bado zimo majumbani bunduki za vita vya Mjerumani: nyingine, wazee wanavyosema, zilitekwa zama za Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, nyingine ziliachwa porini katika vita vya 1914 hadi 1918. Wenye nazo wanafariki, watoto wanabaki nazo, na mtoto aliyeachiwa hajui aende wapi. Akiificha amevunja sheria. Akiisalimisha, inatupwa katika fungu moja na magobole ya majangili na bastola za majambazi, na fungu hilo huishia kwenye moto.

Ombi langu lina sehemu mbili. Kwanza, bunduki yoyote ya kale iliyosalimishwa isiteketezwe kabla mtu anayejua historia ya silaha hajaitazama na kuiandika. Pili, iwepo njia halali, iliyoandikwa na kubandikwa kila kituo cha polisi, ya familia kubaki na bunduki ya namna hiyo ikiwa haiwezi tena kufyatua, au kuikabidhi makumbusho kwa jina la ukoo. Kama njia hiyo tayari imo ndani ya sheria, waambieni askari wa kaunta. Kama haimo, itungeni.

Yetu ni Mauser ya mwaka 1871. Imeandikwa hivyo ubavuni, upande wa kushoto, kwa herufi za Kijerumani cha kale zenye mikia, na baada yake namba 71. Ni ya risasi moja moja: unavuta bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, unaweka risasi, unafyatua, unavuta tena. Tundu la mtutu ni milimita 11, kubwa kuliko la bunduki yoyote ninayoiona begani kwa askari siku hizi. Kitako kilipasuka zamani, babu akakizungushia waya wa shaba na kuubana kwa nyundo, na pale shavu linapokaa waya umelainika hadi huusikii kwa kidole. Bolti imeshikwa na kutu, haivutiki hata kwa mikono ya vijana wawili. Nyuma ya kitako lipo bamba la chuma lenye herufi na namba ndogo zilizogongwa. Wanajeshi wa Kijerumani waligonga alama za kikosi mahali hapo, kwa hiyo bamba hilo linaweza kusema bunduki ilikuwa ya nani kabla haijawa yetu. Hapa kwetu hatujapata wa kulisoma.

Nyumbani zipo simulizi mbili. Baba alisema babu yake aliipata Lugalo. Shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki, anasema hapana, iliokotwa kipindi cha vita vya Mwingereza na Mjerumani, askari mmoja mgonjwa alipoiacha akiwa njiani kukimbilia Mahenge. Simulizi zote mbili zinawezekana, na ndiyo maana nasema chuma hiki lazima kisomwe.

Lugalo mnaijua, waheshimiwa, mnaipita kila mnapokuja Iringa kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam, mnara upo. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, ulishambuliwa pale na Wahehe. Zelewski akauawa na sehemu kubwa ya jeshi lake ikamalizika. Bunduki zipatazo 300 na mizinga mitatu viliingia mikononi mwa Wahehe. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Wajerumani waliibomoa ngome ya Kalenga, na Mkwawa akapigana nao msituni hadi alipojiua Julai 1898 ili wasimkamate hai. Bunduki za Lugalo zilitumika miaka yote hiyo. Baadhi zilirudi kwa Mjerumani. Nyingine zilifukiwa, nyingine zikapandishwa darini, na baba aliamini yetu ni mojawapo ya hizo.

Lakini shangazi naye hasemi bure. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado zinatumia Mauser hiyo hiyo ya 1871, ingawa ilikuwa imeshapitwa na wakati. Baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi, na kila aliyefyatua alimwonyesha adui mahali alipolala. Bunduki mpya zilikuja kwa kubahatisha, kama zile za meli ya Rubens iliyofika pwani ya Tanga Aprili 1915. Mei 1916 jeshi la Jenerali Edward Northey la Waingereza lilivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo leo ni Malawi na Zambia, likaichukua Tukuyu, ambayo wakati huo iliitwa Neu Langenburg, likapigana Malangali mwezi Julai, na tarehe 29 Agosti likaingia Iringa. Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Mahenge, na huko njiani vitu vingi viliachwa. Miaka miwili baadaye Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipita tena upande wa Songea na Ubena akielekea Rhodesia, akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Basi mtu wa Tukuyu, wa Njombe au wa Mufindi anaposema bunduki ya babu yake ni ya vita hivyo, msimcheke. Majeshi yalipita mlangoni kwao.

Sasa niwaeleze yaliyotupata, kwa ufupi. Baba aliimiliki kwa kibali. Alipofariki, Mahakama ya Mwanzo iliniteua msimamizi wa mirathi baada ya kikao cha ukoo. Tuliorodhesha mali: nyumba, mashamba, ng'ombe, mashine ya kusaga, na bunduki moja ya zamani. Kwenye orodha ile kila kitu kilijazwa thamani yake, ila kwenye bunduki karani aliacha mstari mtupu. Kwa kuwa kibali ni cha mtu na hakirithiwi, sisi wenyewe tuliipeleka kituo kimoja cha polisi mkoani kwetu, imefungwa kwenye blanketi, tukiwa na mtendaji wa kijiji na barua ya mahakama. Tulipokewa vizuri, tukapewa hati ya mapokezi. Nilipouliza tutaipataje tena, niliambiwa niombe leseni ya silaha. Nikaulizwa naitakia nini: ulinzi, uwindaji? Nikasema siitakii kazi yoyote. Afande akanitazama kwa huruma, nasema kweli, akaeleza kwamba ombi lisilo na matumizi halina pa kuandikwa, na silaha zisizo na mwenye leseni huunganishwa na zilizosalimishwa kusubiri kuteketezwa. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na fomu yenye nafasi ya "aina ya silaha" na "hali yake", na kwenye hali akaandika "mbovu".

Neno hilo ndilo litakaloipeleka motoni.

Nimesoma ninavyoweza. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ya kwanza inaangalia hatari, nayo ina haki. Ya pili inalinda masalia ya zamani, lakini imeweka mpaka: kitu kinachohesabiwa kuwa ni salio la kale ni kile kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Tazameni sasa. Bunduki aina yetu ilibuniwa mwaka 1871. Imekosa ulinzi kwa tofauti ya miaka 8 tu. Na si yetu tu iliyoachwa nje. Silaha za kisasa za Mjerumani zilizotumika kuiteka nchi hii, na tulizomnyang'anya tukampiga nazo, zilitengenezwa baada ya mpaka huo. Vita vya Lugalo, kuanguka kwa Kalenga, Maji Maji ya 1905 hadi 1907, Vita Kuu ya Kwanza, vyote viko upande usiolindwa. Mpaka huo uliwekwa sheria ilipotungwa, miaka mia na moja nyuma ya 1964. Wakati ule askari wa Vita Kuu walikuwa bado hai na wanasimulia wenyewe kwenye vilabu vya pombe, hakuna aliyeona haja ya kulinda bunduki zao. Leo hakuna hata mmoja.

Habari njema ni kwamba sheria hiyo hiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza kitu kuwa kinalindwa. Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii, hapa nakuomba wewe moja kwa moja. Tangaza kwamba silaha za vita zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1919 na kupatikana ndani ya nchi hii ni vitu vinavyolindwa. Tangazo la namna hiyo halimpi mtu ruhusa ya kufyatua chochote. Linamzuia tu mtu yeyote, awe afisa au fundi wa vyuma chakavu, kuharibu kabla ya kuuliza.

Kwa upande wa polisi, naielewa hofu yenu na sitaki kuipuuza. Magobole yanaua. Mafundi wa vichochoroni wanatengeneza bunduki kwa mabomba, na mtutu wa zamani uliochongwa kiwandani ni zawadi kwa mtu wa namna hiyo. Tembo wa Ruaha wamekufa kwa silaha za kienyeji, na binadamu pia. Nchi yetu imesaini Itifaki ya SADC ya mwaka 2001 na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, na wajibu huo ni wa kweli. Nikiambiwa nichague kati ya kumbukumbu ya ukoo na uhai wa mtoto wa jirani, sina la kufikiri. Na mwenye risasi za zamani ndani asizihifadhi kwa jina la urithi hata siku moja. Baruti haina heshima kwa mzee. Risasi zote ziende polisi, na mwenye nazo asizibebe mwenyewe, awaite waje wazichukue.

Lakini kati ya bunduki inayofanya kazi na chuma kilichoyeyushwa ipo nafasi pana, na nchi nyingine wanaitumia. Chemba, pale risasi inapokaa, huchomelewa, kipande cha chuma hupachikwa ndani ya mtutu na kuunganishwa nao, pini ya kufyatulia hukatwa, kisha mkaguzi hutoa cheti na namba. Baada ya hapo fundi wa kichochoroni hana cha kufufua. Wataalamu wa silaha tunao, Shirika la Mzinga liko Morogoro, na kutoka Iringa ni mwendo wa siku moja kwa basi.

Kwa zile zenye historia nzito ningeomba zaidi. Msichomelee. Ng'oeni bolti, ikae ghala la silaha la polisi kwa hati, na bunduki iliyobaki iende makumbusho au kwa familia iliyokaguliwa. Bila bolti bunduki ya aina hii ni mti na bomba. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma, na alama nilizozitaja hupotea hivyo hivyo. Na mnapoweka alama mpya za serikali, kama itifaki zinavyotaka, tafadhali msizigonge juu ya zile za zamani. Tafuteni mahali patupu, pako pengi.

Nani aitazame kabla? Iringa tunalo Makumbusho ya Boma, ndani ya jengo la Wajerumani la mwaka 1900. Hapa Kalenga tunayo makumbusho ya Mkwawa. Songea wanayo ya Maji Maji, ambayo iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Chuo Kikuu kishiriki cha elimu Mkwawa kiko pale mjini na kinafundisha historia. Mpeni mhifadhi mmoja na mwalimu mmoja wa chuo ruhusa ya kuingia kwenye maghala ya silaha ya mikoa hii mitano wakiwa na askari, kamera na daftari. Wapige picha alama, waandike namba, kisha wamfuate aliyeisalimisha wakamuulize ilipatikanaje. Gharama yake ni mafuta ya gari na posho za watu wawili. Ningependa wanafunzi wa historia waende nao, kwa sababu wazee wanaojua simulizi hizi ni wachache na kila baada ya masika wanapungua. Shangazi yangu haoni vizuri tena, lakini bado anaweza kuimba majina ya waliokuwepo.

Kuna jambo jingine linalonikera, na nitalisema kwa adabu. Sisi wa Kalenga tunajua maana ya kudai kilichochukuliwa. Kichwa cha Mkwawa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliamuru kirudishwe ndani ya miezi 6. Kilirudi mwaka 1954. Watu walikidai na kukisubiri miaka 35, na leo kiko hapa, hatua chache kutoka ninapoandika. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani wakati wa Maji Maji. Mazungumzo ya kurudisha mabaki ya watu wetu na mali zetu yanaendelea, na naunga mkono kila neno la serikali katika hilo. Ila tutamwambia nini Mjerumani akituuliza: zile mlizokuwa nazo wenyewe mmezifanyia nini? Bunduki iliyotekwa Lugalo ni ushahidi wa siku ambayo hawakushinda. Kule kwao hawana sababu ya kuitunza. Ikiyeyushwa katika tanuri yetu, hakuna makumbusho ya Berlin tutakayoiandikia barua.

Najua wapo watakaosema bunduki si kitu cha kurithisha, tuwarithishe watoto vitabu na amani. Wifi yangu ni mmoja wao. Alipoteza kaka kwa risasi, na anapozungumza nyumba nzima hunyamaza. Sibishani naye. Sitaki mwanangu aitundike ukutani awatishie wageni, wala sitaki wajukuu waishike wakicheza vita. Kama mtaamua kwamba familia zisibaki nazo kabisa, ziende zote makumbusho, nitakubali na nitaisindikiza mwenyewe. Ninachokiomba katika hali hiyo ni kibao kidogo chini yake chenye jina la ukoo na simulizi zote mbili, ya baba na ya shangazi, na hati inayosema ni amana isiyouzwa. Kumnyima mtu kitu ni jambo moja, kuifuta habari yake ni jingine.

Fikirieni pia linalotokea njia hii ikikosekana. Tangazo la kusalimisha silaha kwa hiari linapotoka, mwenye gobore la kuwindia nguruwe anaweza kujitokeza, kwa sababu hana cha kupoteza isipokuwa gobore. Mwenye bunduki ya babu anasikia neno "kuteketeza" na anaipandisha juu zaidi, ndani ya nyasi za paa, au anaifukia nyuma ya zizi. Huko inaoza, au inaibwa. Njia ninayoiomba ingezitoa silaha hizi majumbani kuliko vitisho vinavyozitoa. Wazee wawili wa vijiji vya jirani, ambao siwezi kuwataja, walikuja kunisikiliza tulipotoka kituoni. Walitaka kujua bunduki yetu imefanywa nini. Niliwaambia iko ghalani. Wakatikisa vichwa, wakaaga.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, lililo mikononi mwako leo halihitaji Bunge wala kanuni mpya. Ni agizo la ukurasa mmoja kwa makamanda wa mikoa: silaha yoyote inayoonekana kuwa ya kabla ya 1919 itengwe ghalani, isipelekwe kuteketezwa, na afisa utamaduni wa wilaya ajulishwe. Yetu ni rahisi kuitambua, ina waya wa shaba kwenye kitako. Namba ya hati ya mapokezi ninayo, na nakala nimeiacha ofisi ya mtendaji wa kijiji pamoja na barua ya mahakama inayonitambua. Mkituma mtu, shangazi yuko tayari kuzungumza naye, asubuhi ndiyo wakati wake mzuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msimamizi wa mirathi,
Kalenga, Iringa